Mkono Mtupu Haulambwi, Hata Kwenye Maabara

Wasee, wacha nianze na simu ya binamu yangu.

Anasomea Kampala. Januari moja, nikiwa mwaka wa pili, alikuja kututembelea Nairobi, na siku ya tatu nikampeleka kampasi aone mahali hela za mathee zinaenda. Nilikuwa namwonyesha kibanda chetu cha chapo madondo simu yake ikaanza kulia. Ujumbe wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nikamuuliza, "Kwani ushanunua laini ya huku?" Akacheka. Hakuwa na laini yetu wala bando. Simu iliyotoka Uganda kwa basi la usiku ilikuwa imeshika waifai ya chuo cha Nairobi yenyewe, bila kumsumbua soja, bila kuuliza mtu nenosiri, kama mtoto wa nyumbani anayeingia jikoni na kufunua sufuria.

Hiyo kitu inaitwa eduroam. Iko katika nchi zaidi ya 100. Ukiwa na akaunti ya chuo kilicho ndani ya huo mtandao, ukifika chuo kingine mtambo wa hapo unatuma swali kwa mtambo wa kwenu: huyu ni wenu? Kwenu wakisema ndiyo, unafunguliwa mlango. Ni hivyo tu. Hakuna barua ya mkuu wa idara, hakuna kupiga foleni, na nenosiri lako halibaki kwa wenyeji.

Mwaka uliofuata nikaacha chuo. Karo ilikataa, siwezi kuzunguka zaidi ya hapo. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nje ya geti la kampasi nyingine nikingoja mat, simu ikajaribu kushika eduroam kama ilivyozoea. Ikakataliwa. Mtambo ulikuwa umeuliza kwetu "huyu ni wenu?" na kwetu wakajibu hapana.

Sikulia, lakini nilikasirika. Nilikuwa nasoma makala za utafiti kuhusu malaria kwa sababu napenda, hakuna mtu alikuwa ananipa alama. Siku moja niko ndani, kesho yake kila ukurasa unaniambia lipa dola thelathini na kitu usome makala moja. Makala yenyewe imeandikwa na Mkenya, kuhusu damu ya watoto wa Kenya. Hapo ndipo nikaanza kufuatilia nani anamiliki hizi nyaya, nani alilipa, nani aliketi na nani mezani. Nimefuatilia kwa miezi, na nimefika mahali nitasema bila kuzunguka: ushirikiano wetu wa sayansi na nchi za nje unazaa pale tu tunapofika tukiwa tumejipanga wenyewe na tukiwa na kitu mfukoni. Tukifika na tai safi na kalamu ya kusaini, tunabaki na picha.

Kila Mkenya anaelewa chama, kwa hivyo nitaeleza na chama. Mathee ako kwa chama cha wamama wa mtaa. Kila mmoja peke yake hangeweza kununua hata hema moja. Wamechanga, wamenunua mahema na viti vya plastiki, sasa wanakodisha harusini na matangani. Benki ambayo mwaka wa kwanza haikuwa inawaangalia sasa inawapigia simu. Benki haikupata roho safi. Iliona mahema.

Mtandao wa vyuo vyetu, KENET, ulianza 1999 kama chama cha namna hiyo. Zamani zile Kenya haikuwa na kebo hata moja ya baharini. Intaneti ilikuwa inashuka kutoka setilaiti, bei yake ni ya kuua, na chuo kikienda sokoni peke yake kinauziwa bei ya mgeni. Vyuo vikakubaliana kununua pamoja. Ndiyo, pesa ya Wamarekani kupitia USAID ilisaidia kuanzisha, sitaficha. Lakini chombo chenyewe kilisajiliwa hapa, wenye kiti ni vyuo vya hapa. Kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, kulikuwa na mtu tayari wa kuzungumza kwa niaba ya vyuo vyote. Serikali ilipochukua mkopo wa Benki ya Dunia na kutumia sehemu yake kununulia vyuo nafasi kwenye kebo, haikulazimika kuzunguka kampasi moja moja ikiuliza nani anataka. Hema lilikuwa limesimama.

Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo naipenda zaidi.

Miaka hiyo, barua pepe ya mwalimu wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa Kampala ilikuwa inapitia Ulaya. Piga picha. Nairobi hadi London ni karibu kilomita 7,000. Ujumbe unaruka hadi huko, unageuka, unarudi, ndio ufike mji ambao wewe ukipanda basi jioni asubuhi uko. Na kila hatua ya hiyo safari kuna mtu wa nje analipwa. Majirani wawili wanaongea juu ya ukuta lakini lazima sauti ipitie kwa mwenye nyumba mtaa wa tatu, na anakata kamisheni.

Mwaka 2005 mitandao ya vyuo ya nchi tano, Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, ikaunda muungano ukaitwa UbuntuNet Alliance. Ofisi yake iko Lilongwe. Si Geneva, si Brussels. Lilongwe! Nchi zingine zikaingia baadaye, Uganda na Tanzania zikiwemo. Walikuwa na wazo moja la kichokozi kidogo: hatutaenda kwa Wazungu nchi moja moja. Tutaenda kama eneo zima, tuwaambie tunataka nyaya za kuunganisha sisi kwa sisi kwanza, halafu hizo nyaya ndizo ziungane na mtandao wenu wa utafiti wa Ulaya, GÉANT, tukiwa wenzenu.

Na ikafanyika. Mradi wa AfricaConnect ulianza 2011. Umoja wa Ulaya ulitoa takriban asilimia 80 ya pesa, Waafrika wakatoa asilimia 20. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikaunganishwa ana kwa ana. Simu ya binamu yangu ilipolia pale kwa kibanda cha chapo, hiyo ilikuwa kazi ya watu ambao wengi wetu hatutawahi kuwajua, waliokaa kwa mikutano ya kuchosha wakibishana nani atalipa nini.

Najua mtu tayari anaandika kule chini, "80 kwa 20, huo si bado ni msaada?" Ni swali zuri na nitalirudia, kwa sababu hiyo 80 inaninyima usingizi. Lakini kwanza angalia tofauti. Asilimia 20 ndiyo iliyowapa Waafrika haki ya kusema hapana, tunataka nyaya zipite hapa, zisipite pale. Mtu aliyechanga kwa harusi hata mia mbili anaweza kuuliza mbona wali umeisha. Aliyekuja na mdomo tu anakula anachopewa.

Sasa weka hiyo kando ya Malindi.

Kule Ungwana Bay, karibu na Malindi, kuna jukwaa la chuma limesimama baharini linaitwa San Marco. Waitaliano walilijenga miaka ya sitini. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka pale. Soma tena: setilaiti zilirushwa kwenda angani kutoka pwani ya Kenya, kabla wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, wakarusha setilaiti ya NASA iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku yetu wakaibatiza Uhuru. Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sisi tulipata nini? Jina.

Sisemi Waitaliano walituibia. Kijiografia tulikuwa dhahabu, kwa sababu ukirusha roketi karibu na ikweta mzunguko wa dunia unakusukuma bure, na walikuja kuomba mahali. Lakini sisi hatukuwa na chama. Hakukuwa na kikosi cha wahandisi Wakenya kinachosema: sawa, jengeni, lakini kila roketi lazima wanafunzi wetu kumi washike spana. Tuliketi mezani kama mwenye shamba anayekodisha na kwenda kulala. Mkataba mpya ulisainiwa 2016, na huo angalau una habari ya mafunzo na data kwa Wakenya. Nusu karne baadaye. Setilaiti yetu Taifa-1 ilipokwenda angani Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Nilikesha nikiitazama kwa simu, nikishangilia kama goli, na ndani ya roho najiuliza Malindi imekosa nini.

Na si kila kitu cha Waitaliano kilienda hivyo. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita kumi, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Washirika walikuwa chuo cha Sapienza cha Roma, shirika la anga la Japani na Umoja wa Mataifa. Ni taifa lilelile la Italia, lakini safari hii upande wetu ulikuwa na wahandisi waliokuwa na kazi ya kufanya. Hiyo ndogo ya sentimita kumi ilitufundisha zaidi ya roketi zote za Malindi.

Kuna ya Ziwa Bogoria pia, nitaipitia haraka kwa sababu inanipandisha presha. Kwenye maji ya moto ya Bogoria kuna vijidudu ambavyo vimeng'enya vyake vinafaa kwa sabuni na kwa kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lililalamika hadharani kwamba kampuni ya Marekani inafanya biashara na vimeng'enya hivyo bila Kenya kugawiwa kitu. Kampuni ikajitetea kwamba haikukosea. Mwaka 2007 KWS ikasaini mkataba wa kugawana mapato na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark. Kwa hivyo inawezekana ile jinzi iliyofifia vizuri uliyookota Gikomba ina deni na Baringo. Vijidudu vilitoka bila kelele kwa sababu hakukuwa na maabara ya Kenya iliyokuwa imevijua kwanza. Huwezi kudai mali ambayo hukujua unayo.

Nikifika hapa najua kundi moja litaanza kupiga makofi: "Waambie! Wazungu wote wezi! Tufunge mipaka, tufanye sayansi yetu!" Tulieni. Sayansi ya kujifungia ni kama mwanamuziki anayejirekodi bafuni na kujipa tuzo. Malaria haiulizi pasipoti. Kilifi, taasisi yetu ya KEMRI imefanya kazi na Wellcome ya Uingereza tangu 1989. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini mahali pamoja, na leo ukienda pale unawakuta Wakenya wenye uzamifu wakiongoza utafiti, si kubeba visanduku vya barafu tu. Chanjo ya kwanza ya malaria ilijaribiwa Kilifi na maeneo mengine kadhaa ya Afrika, na Kenya ikaanza kuitoa kwa watoto Homa Bay mwaka 2019. Wakati wa korona, Kilifi ndiko vinasaba vya virusi vilikuwa vinasomwa. Hayo yote hayangewezekana tukijifungia. Ninachokataa ni kuingia mikono mitupu, na kundi la pili ambalo linanichosha zaidi ya hilo la kwanza.

Kundi la pili ni watu wa kusaini.

Mmewaona. Meza ndefu, bendera mbili ndogo, maua ya plastiki, chupa za maji ambazo hakuna anayekunywa. Makubaliano ya ushirikiano wa utafiti yanatiwa saini. Picha inapigwa, inawekwa mtandaoni na maneno matano kuhusu vijana. Rudi baada ya miaka miwili uulize: maabara gani? Mwanafunzi gani alienda? Data iko kwenye seva ya nani? Unaambiwa mazungumzo yanaendelea. Kuna mtu anahesabu hizo saini kama mafanikio. Saini ni ahadi ya kupika, na sisi tunalishwa menyu.

Sasa ile 80 inayoninyima usingizi.

Januari 2025, Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Wengi wetu tulisikia kuhusu dawa na kliniki, na hiyo peke yake ilikuwa noma. Lakini kulikuwa na mtandao wa wanasayansi wa nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo, unaoitwa BRILLIANT, ukiongozwa kutoka Afrika Kusini na Profesa Glenda Gray. Walikuwa na chanjo ya Ukimwi ya kujaribu. Waafrika ndio wanaongoza, Waafrika ndio wanabuni, maabara ni za Afrika. Kitu ambacho tumekuwa tukiomba miaka yote. Pesa, dola milioni 45 hivi, zilikuwa za USAID. Siku chache kabla ya jaribio kuanza, ujumbe ukaja: simamisheni. Kufikia tarehe 1 Julai, USAID yenyewe ilikuwa imefungwa.

Hiyo ndiyo ilinivunja, kwa sababu BRILLIANT haikuwa ya watu wa kusaini. Walifanya kila kitu sawa: walijipanga, walikuwa na akili, walikuwa na majirani. Kilichokosekana ni kitu kimoja, pesa yetu ndani ya sufuria. Nchi nane zilikuwa zinapika kwa gesi ya mtu mwingine, na mwenye mtungi akaufunga.

Angalia walichofanya Afrika Kusini baadaye. Julai 2025 waziri wao wa afya, Aaron Motsoaledi, aliliambia bunge kwamba Gates Foundation na Wellcome wako tayari kutoa randi milioni 100 kila mmoja kwa ajili ya watafiti wao. Sharti? Hazina ya Afrika Kusini iweke milioni 400 kwa miaka mitatu. Wakaweka. Yaani wafadhili wakubwa duniani wanasema waziwazi: tuonyesheni yenu kwanza. Wazee wetu walikuwa wamesema kitambo kwamba mkono mtupu haulambwi, na hawakuhitaji mshauri wa kimataifa kuwafundisha.

Na sisi? Hapa ndipo nataka usome polepole. Kenya ina sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na ikaandika kwamba serikali itaiwekea kila mwaka wa fedha asilimia 2 ya pato la taifa. Si ndoto ya mwanaharakati, ni sheria iliyopitishwa na bunge na kusainiwa. Pato letu la taifa mwaka 2024 lilikuwa takriban shilingi trilioni 16. Piga hesabu: asilimia 2 ni zaidi ya shilingi bilioni 300. Hazina ya Utafiti haijawahi kuona pesa inayokaribia hapo hata kwa darubini. Sheria imekaa zaidi ya miaka kumi ikivunjwa kila Juni, bajeti ikisomwa, na hakuna mtu amekohoa.

Hakuna mtu, pamoja na sisi. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele. Tuliutafsiri kwa lugha za nyumbani, tukautengenezea video, wenzetu wakapigwa risasi. Kizazi hiki kilijifunza kusoma makaratasi ya serikali kwa bei ya damu. Lakini niulize, na najiuliza mimi pia: nani kati yetu alifungua bajeti na kutafuta mstari wa utafiti? Mimi sikufungua. Nilikuwa nafikiria mkate, kama kila mtu.

Utaniambia nchi ina madeni, madaktari wanagoma, karo imepanda, huu si wakati wa kuongea habari ya maabara. Nimeacha chuo kwa sababu ya karo, usinifundishe kuhusu karo. Na sisemi bilioni 300 zitoke kesho. Nasema waanze na kiasi ambacho kinatosha kulipa sehemu yetu ya nyaya, ya seva na ya watu wa maabara, kila mwaka, bila kungoja barua kutoka ng'ambo. Mama wa chama hangoji awe tajiri ndio achange. Anachanga mia, kila Jumapili, na haruki.

Lakini kuna sababu nyingine kwa nini hakuna anayekohoa, na hii naitupia watu wa mitandao ya utafiti wenyewe, ambao nimewasifu tangu mwanzo. Ndugu zangu, mmejenga kitu kizuri na mmekifungia ndani. Kwa kawaida mlango wenu unamjua mtu mwenye akaunti ya taasisi. Mama mboga ambaye kodi yake inalipa mkopo wa kebo hajawahi kuiona. Mimi niliyeacha chuo nimefutwa. Msee wa mtaani anayetengeneza roboti na vyuma vya mitumba anatumia bando za ishirini bob. Sasa mnashangaa pesa ikikatwa hakuna anayewatetea? Mtu hatetei hema ambalo hajawahi kuketi chini yake.

Kampala wameanza kusogea. Mtandao wao, RENU, umetoa eduroam nje ya kuta za vyuo, ikafika hosteli na sehemu za mjini. Bado inahitaji akaunti ya chuo, kwa hivyo mimi ningebaki nje hata huko. Lakini wamevuka geti, na sisi tunaweza kuvuka zaidi yao. Tuna maktaba za umma katika kaunti, tayari zina paa, viti na mkutubi. Mpe kila mwenye kadi ya maktaba akaunti. Akiketi pale, afungue makala za utafiti ambazo vyuo vimeshalipia. Na mkienda tena Ulaya au kwingine kuzungumza kuhusu mkataba mpya, lipelekeni hilo mezani kama sharti letu: leseni za makala zisiishie kwa wanafunzi, zifike kwa wananchi. Kuna mchapishaji atakataa. Akatae akiwa ameketi mbele ya muungano mzima wa mashariki na kusini mwa Afrika, tuone.

Na mikataba yenyewe ichapishwe. Yote. Tujue sampuli zinaenda wapi, data inalala wapi, hataza ni ya nani. Kama mnaona haya kuichapisha, hamkupaswa kuisaini.

Kuna watu wataandika, "Wewe uliacha chuo, unajua nini kuhusu utafiti?" Sawa. Najua bei ya makala moja ukiwa huna akaunti. Najua jinsi simu inavyokataliwa getini. Kuna vitu unaviona vizuri tu ukiwa nje ya ua.

Wiki iliyopita niliandika barua ya maombi ya habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Nimeuliza mambo mawili: Hazina ya Kitaifa ya Utafiti imepokea shilingi ngapi kila mwaka tangu iundwe, na ni makubaliano mangapi ya utafiti na nchi za nje ambayo yana pesa ya Kenya ndani yake, hata shilingi moja. Nimeipeleka kwa mkono, imegongwa muhuri, nina nakala. Sheria inawapa siku 21. Wakijibu nitaliweka jibu hapa, namba zote. Wasipojibu nitaweka picha ya muhuri na tarehe, halafu nitawaeleza jinsi ya kuandika barua yenu. Ni ukurasa mmoja tu, na haiulizi kama una digrii.